Kanzu Iliyokaa Kashani

Mwanangu Zuwena,

Salamu nilikupa asubuhi ulipoamka, na dua nitakusomea kesho uwanja wa ndege, kwa hiyo hapa naanza na lililonikalisha. Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, umeliacha sanduku lako wazi sebuleni na kuniambia nilipime uzito. Sijalipima. Nimekaa mezani jikoni na karatasi hizi kwa sababu juma lililopita uliniuliza swali, nami nikajifanya sikusikia.

Uliuliza, "Baba, kwa nini tusiende sote?" Nikakwambia chai yako inapoa. Ukainywa, ukaosha kikombe, ukaenda kulala. Hukuuliza tena, na hapo ndipo nilipojua kuwa unangoja jibu.

Sitakuandikia habari za dawa za malaria, wala za pasipoti, wala nani wa kumwamkia kwanza ukifika Chake Chake. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua kwa kukosea mbele za watu, kama sote tulivyoyajua. Nataka kukueleza kwa nini sikukujibu, na maelezo yenyewe yanaanzia mbali kidogo. Nivumilie.

Nianze na taka, maana ndizo zilizotugombanisha. Siku uliponiambia umepata kazi Pemba, ya kuwasaidia watu wa mjini kutenganisha taka zao nyumba kwa nyumba, mimi nilicheka. Nilicheka vibaya. Nikasema, mtoto aliyezaliwa huku Odense, kwenye theluji, anakwenda kumfundisha Mpemba asitupe kitu? Hukukasirika. Uliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia mama yako, Mungu amrehemu, kila nilipopotea njia na ramani ninayo mkononi. Kisha ukasema, "Baba, wakati wenu hakukuwa na plastiki."

Na ilikuwa kweli, nami nikaenda jikoni kuosha makopo ya mtindi ambayo tayari yalikuwa safi.

Makopo hayo unayajua. Unalijua kabati zima: chupa za jemu, kamba za vifurushi, mifuko ndani ya mifuko. Mara ngapi umeniambia, Baba, baraza la mji limetuwekea mapipa pale chini, hili la karatasi, hili la bati, hili la chupa, watu wanakuja kuchukua, huna haja ya kulala na makopo. Ukayateremsha mwenyewe, nami ukishaondoka nikayapandisha. Siku moja jirani wa juu alinikuta nimeinama ndani ya pipa la chupa, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo, chupa yangu. Maskini yule bwana akavua koti akanisaidia kuitafuta.

Sasa nikueleze nyumba niliyotoka, uone hayo yalianzia wapi.

Ilikuwa Chake Chake, nyuma ya soko, kwenye mteremko wa njia ya kwendea Wesha. Nasema habari za mwisho wa miaka ya hamsini, mimi nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani, ndiyo kwanza nimetoka kwenye alifu. Bibi yako, Bi Saada, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na kazi aliyokuwa akiifanya kutwa haikuwa na jina. Hakuna aliyesema anahifadhi, wala anatenganisha. Alikuwa anaweka nyumba tu.

Debe la mafuta ya taa liliingia kwetu likiwa na mafuta, nayo yakauzwa kwa vipimo dukani kwa jirani. Debe likaoshwa kwa majivu na ndimu likawa la maji. Lilipoanza kuvuja likawa la kuchemshia nguo. Chini lilipotoboka likapelekwa kwa fundi bati, ambaye sauti ya nyundo yake ndiyo iliyokuwa saa yetu ya asubuhi, na kutoka kwenye mbavu za debe tukapata koroboi mbili za kuwasha usiku, na bati la kutoboa kwa msumari ili kuparuzia muhogo. Kilichobaki kikawekwa kwenye banda la kuku. Mimi nimelijua debe moja tangu linang'aa mpaka kuku wananywea maji katika kipande chake cha mwisho.

Leso nazo zilikuwa na umri wao. Leso ilianza ikiwa ya kutokea, harusini na hitimani. Ikipauka ikawa ya nyumbani. Ikilainika ikawa mbeleko, halafu winda la mtoto, halafu tambara la kushikia chungu, na mwisho wake ni utambi. Nazi haikuachwa kitu: machicha kwa kuku, vifuu motoni, makumbi yakafukiwa kwenye matope ya pwani mpaka yaoze yawe nyuzi za kamba. Hata makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki ukishachambua, yalianikwa peke yake na kuuzwa peke yake. Karatasi yenye maandishi ya Kiarabu haikutupwa kabisa. Ilichomekwa kwenye tundu la ukuta, kwa kuwa huenda ina jina la Mungu, hata kama ni karatasi ya majani ya chai. Na jaa letu, nyuma ya choo, lilikuwa dogo hata mgeni asingelijua: majivu, miba ya samaki, na vigae vya bakuli.

Lakini lilikuwapo sharti, na hili ndilo nataka ulishike, kwa sababu litakufaa katika kazi yako kuliko hayo mengine yote. Mama hakubadilisha kitu cha mtu mpaka mwenyewe amemhalalishia. Alikuwa na kofia yangu moja iliyokwisha, haina tena umbo, anaitaka awe anashikia sufuria. Akaja akachutama mbele yangu, mtoto wa miaka sita, akaniuliza, "Umenihalalishia?" Nikasema sijamhalalishia. Sikuwa na haja na ile kofia. Nilipenda tu kuulizwa. Mama akasema haya, akaitundika msumarini, na pale ilikaa, na yeye akaendelea kushika sufuria kwa ncha ya leso na kujiunguza, mpaka siku nilipochoka mwenyewe na ukaidi wangu nikaenda kumwambia chukua.

Sasa babu yako. Baba alikuwa karani wa mizigo bandarini Wesha, akisimamia magunia ya karafuu yanayopakiwa majahazini. Karafuu ziliposhuka bei kazi ikapungua, na yeye akaenda Mombasa kutafuta kazi gatini. Alisema anakwenda msimu mmoja. Aliacha vitu vyake vichache, na kimojawapo kilikuwa kanzu ya bafta, nyeupe, yenye darizi nyembamba shingoni, aliyokuwa akiivaa sikukuu na harusini tu. Alimkabidhi mama akamwambia, "Hii niwekee, nitaivaa siku nikirudi."

Mama akaifukiza udi, akaikunja kwa makini, akaiweka chini kabisa ya kasha lake, na juu yake akapanga nguo zake mwenyewe.

Msimu ukapita, na mwingine. Salamu zilikuja kwa midomo ya wasafiri, hajambo, anafanya kazi, atakuja. Pesa zilikuja mara kwa mara, halafu zikawa haziji. Mimi nikarefuka. Kanzu yangu ya pekee ilianza kwenye kifundo cha mguu ikapanda mpaka katikati ya muundi, na mama alikwisha kuiteremsha pindo mpaka pindo likaisha.

Ukakaribia mwezi wa Idi. Jirani yetu Bi Mwanakombo alikuwa na cherehani ya mkono, na ndiye aliyeshonea watoto wa mtaa. Akaja alasiri moja, akakaa kwenye kizingiti kama kawaida yake, akaniita nisimame, akanizungusha kama anayenunua mbuzi, kisha akamwambia mama alete ile kanzu ya bwana. Akasema kwa urefu wa baba yangu inatoka kanzu ya mtoto kamili na vitambaa vya mto juu yake, na yeye hataki ujira, atashona kwa thawabu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kanzu hino ina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko Mombasa anavaa suruali," akasema Bi Mwanakombo. "Na huyu mtoto je, hana mwenyewe?"

"Anaye, na atakuja. Nikiikata leo, Mwanakombo, kesho mtakuja kunipa pole."

Hapo nilielewa, mtoto nilivyokuwa. Nguo ya mtu hukatwa na kugawanywa akishakufa. Kumkatia mtu nguo yake naye yu hai, hajakuhalalishia, hayupo hata wa kumuuliza, ni kumfanyia uchuro. Bi Mwanakombo alielewa pia, akasema basi angalau itoe uipunge upepo, nguo inataka kukunjuliwa. Mama akasema hataki kuikunjua. Sikujua kwa nini mpaka siku moja nilipomkuta amefungua kasha, amepiga magoti, ameingiza uso ndani bila kuigusa. Alikuwa anainusa. Aliogopa kuwa akiikunjua harufu itatoka.

Asubuhi ya Idi nilikwenda kuswali na kanzu ile ile ya mwaka uliopita. Wenzangu wakaniuliza huko nilikotoka maji yamefika wapi, ya magoti au chini ya magoti. Mmoja akanitembelea mbele akiwa amepandisha kanzu yake mpya kwa mikono miwili, ananyanyua miguu kama anayevuka mto, na wote wakamfuata hivyo hivyo mpaka mlango wa msikiti. Niliporudi nyumbani sikumwambia mama. Lakini alikuwa ameniona njiani, kwa maana alinipa kipande changu cha nyama na chake.

Baba alirudi mwanzoni mwa miaka ya sitini, siku ya Alhamisi, na sanduku la bati na mwavuli. Watu waliojaa sebuleni usiseme. Mama hakulia wala hakucheka. Alikuwa anapita baina ya jikoni na ukumbini kama anayetafuta kitu. Ijumaa asubuhi, baba alipomaliza kuoga, mama akafungua kasha. Alitoa nguo zake moja moja akaziweka kitandani, kisha akaitoa ile kanzu kwa viganja viwili, kama mtu anavyotoa msahafu. Ilikuwa nyeupe vile vile. Harufu ya udi ikajaa chumba kizima.

Baba akainua mikono aivae. Nilisikia sauti ndogo, kama ya karatasi. Ilikatika begani. Akashtuka akaivuta, ikakatika kiunoni, na kifuani, na kila mahali palipokuwa na mkunjo. Bafta haikuliwa na wadudu, wala haikupata maji. Ilikuwa na umri wake tangu alipoiacha, na sasa imechoka kwa kukunjwa pale pale muda wote ule. Baba akabaki amesimama na mikono miwili ya kanzu na shingo yenye darizi, na vingine vyote viko chini.

Nilidhani atacheka. Aliniangalia mimi, mlangoni, akaangalia miguu yangu. Akamuuliza mama, "Mtoto alikuwa anavaa nini?"

"Alikuwa anavaa alichonacho."

"Si ungeikata, Saada."

"Ulisema nikuwekee."

Baba akakaa kitandani. Akasema, kwa upole, "Mimi ningerudi tu. Si kanzu iliyonirudisha."

Maishani mwangu sikumsikia tena mama akiitaja kanzu ile. Alikusanya vile vipande akajaribu kuvifanyia kazi, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Haikufaa tambara, ilikatika mkononi. Akasokota utambi, ukawaka kwa pumzi mbili ukazimika. Mwisho akavitoa vyote nje. Katika miaka yangu yote Pemba, hicho ndicho kitu pekee cha nguo nilichowahi kukiona juu ya jaa letu.

Haukupita muda mrefu mambo ya nchi yakabadilika, na sisi tukawa miongoni mwa walioondoka. Hayo nimekwisha kukusimulia na siyarudii. Nitaongeza jambo moja tu ambalo sikupata kukwambia. Asubuhi ya kuondoka mama alifagia uwanja, akateka maji, akalijaza debe mpaka juu. Baba akamwambia hatuna wakati. Akasema atakayekuja asikute debe tupu. Nilikasirika sana siku ile, Zuwena. Nilimwona kama anawatumikia watu asiowajua. Imenichukua uzee kuona kwamba alikuwa ameihalalisha nyumba. Alikwisha kujifunza, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni siku ile ya Ijumaa sikujifunza kitu.

Sikujifunza, na wewe ndiye uliyelipia. Nimefanya kazi maktaba ya mji huu maisha yangu ya utu uzima, nimesoma safari za watu wa kila bara, na wewe nilikupa Pemba iliyokunjwa. Ulipokuwa mdogo nilikuchorea Chake Chake nzima mezani hapa, duka kwa duka, nani alikuwa anauza nini, na ulipouliza sasa kuna nini nikasema hayo si muhimu. Mama yako alikwenda mara mbili bila mimi. Akarudi na picha. Nikaziweka droo ya chini bila kuzitazama. Akasema duka la pembeni siku hizi linauza simu, nikatoka chumbani. Ulikuwa ukileta Kiswahili cha vijana wenzako wa Unguja na Dar es Salaam, umechangamka, nami nikikusahihisha kila neno mpaka ukaacha kuzungumza nami Kiswahili mbele ya watu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Na ulipofika miaka kumi na sita uliomba kwenda na mama yako. Nikasema ngojeni, tutakwenda sote watatu. Mwaka huo nikatoa sababu, na mwaka uliofuata nikapata nyingine. Mama yako alikuwa akinisikiliza tu. Katika wiki zake za mwisho aliniuliza mara moja, bila lawama, nilikuwa nangoja nini. Nadhani nilikuwa nangoja Pemba iwe tayari kunipokea kama nilivyoiacha, na watoto wale wale, na fundi bati yule yule. Tulikuwa watatu, na sasa tuko wawili, na kesho nyumba hii itakuwa na mmoja.

Kuhusu kazi yako, umenishinda na nakubali. Nimeifikiria sana ile plastiki. Mama yangu angeipenda mno, ujue. Angeifua mifuko na kuianika kambani mpaka ipasuke, halafu angekaa nayo mkononi hajui aifanye nini, kwa sababu ingekuwa ndiyo mara ya kwanza kitu kumwambia hakina maisha mengine. Utawakuta kina mama kama yeye. Usiwacheke, najua hutawacheka. Wao hawakubadilika, kilichobadilika ni kitu chenyewe kinachoingia mlangoni. Na ukiingia nyumba ya mtu, kabla hujamwonesha hiki kiende wapi na kile kiende wapi, muulize kwanza. Hata mtoto, muulize. Unaweza kujibiwa hapana, kama nilivyojibu mimi kwa kofia. Basi ngoja.

Makabati haya ya jikoni nayahalalisha. Ukirudi leo jioni tuyafungue pamoja, na kinachokwenda chini kiende chini, nami sitateremka kukifuata.

Na swali lako ndilo hili nalijibu. Ndiyo, nitakuja. Si kesho, nina daktari wangu wa kumuona, na nina kaburi la mama yako la kuliaga, na mtu wa umri wangu hasafiri kwa kukurupuka. Nipe mpaka baridi ianze huku. Fika wewe kwanza, ujuane na watu, upajue pa kununulia samaki na jirani wa kugongeana naye mlango, ili nitakapofika pawe kwako.

Nina maombi mawili. La kwanza, usiende kuiulizia nyumba yetu kabla sijafika, wala usiwasumbue wanaokaa humo. Nitafutie chumba kwa watu, popote, kama anavyotafutiwa mgeni yeyote. Wakikuuliza mzee huyu ni nani, waambie ni baba yako, anakuja kutembea.

La pili ni la njiani. Siku ukija kunipokea, gari likianza kuingia mjini, mimi nitaanza kunyoosha kidole, najijua. Nitataka kukwambia hapa palikuwa na nini. Ninyamazishe, mwanangu. Niambie pana nini.

Baba yako